Vani za bayodizeli zinahesabika kwenye LEED? Nyaraka zinatakiwa Ijumaa

Mpangaji_Baridi: Wakuu, naomba ushauri. Jengo letu la ofisi liko Minneapolis, tunatafuta cheti cha LEED v4 (toleo la nne la cheti cha majengo rafiki kwa mazingira). Maegesho 120, vani saba za bayodizeli (dizeli ya mafuta ya mimea au wanyama, hata ya kukaangia). Zinahesabika kama magari ya mafuta mbadala? Usingizi sipati.

Fundi_Dizeli: Kabla ya cheti, fikiria filta. Bayodizeli hung'oa uchafu wa miaka ndani ya tenki na kuupeleka wote kwenye filta, kwa hiyo weka ya akiba garini. Kwa B100 (bayodizeli tupu; B20 ni 20% tu, iliyobaki dizeli ya kawaida), mipira ya mfumo wa mafuta iliyotengenezwa kwa naitraili huvimba na kuvuja. Funga ya Viton, mpira unaostahimili bayodizeli. Fitingi za shaba na zinki toa, zinaozesha mafuta.

Karani_wa_Pointi: Fundi, hajauliza filta. Mkuu, v4 ina mambo mawili. La kwanza, 5% ya nafasi, kwako 6, zitengwe kwa magari yenye alama 45 au zaidi za ACEEE, shirika la Marekani linalopima magari kwa usafi wa mazingira. Alama hizo hupewa modeli ya gari. Hata ukimimina B100, hazipandi. La pili, uchague: chaja za umeme kwa 2% ya nafasi (2.4, inapanda kuwa 3), au kituo cha mafuta mbadala chenye uwezo wa kujaza magari idadi hiyo kwa siku. Bayodizeli ikipenya, itapenyea hapo. Ni B ngapi?

Mpangaji_Baridi: Bayodizeli ya kawaida tu.

Karani_wa_Pointi: B ngapi, ndugu yangu?

Mpangaji_Baridi: B20. Lakini tenki la galoni 500 tumeshanunua, na vibao vya "Magari ya Kijani" vimeshasimikwa. Halafu sheria ya nishati ya Marekani ya 1992 inaitambua bayodizeli!

Shangazi_Sheria: Inaitambua B100, mwanangu. Mwaka 1998 ndipo mashirika yanayobanwa na sheria hiyo yaliporuhusiwa kuhesabiwa gari moja kwa kila galoni 450 za bayodizeli tupu, yaani galoni 2,250 za B20. Hesabu hiyo ni ya serikali, LEED haihusiki nayo. Uwe mkweli kwenye fomu.

Pilipili_Kichaa: Vibao viandikwe upya: "Magari Yanayonukia Chipsi."

Mtu_wa_Pampu: Uzi huu una harufu, na si ya chipsi. Minnesota, jimbo la Minneapolis, dizeli ya kwenye pampu ni B20 kwa sheria kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Septemba, baridi ikiingia ni B5. Kiangazi malori ya hapo yanatembelea B20. Nani anunue tenki? Ama ni swali la mtihani, ama muuza matenki anapima upepo.

Mpangaji_Baridi: Si uongo jamani. Tulitaka B20 mwaka mzima.

Mtu_wa_Pampu: Januari? B20 itaganda nta iwe uji isipochanganywa na dizeli namba moja (nyepesi, ya baridi) na tenki kupashwa moto. Limekaa wapi?

Mpangaji_Baridi: Nje. Hita halina.

Mtu_wa_Pampu: Basi nimeamini. Uongo ungepangwa vizuri zaidi.

Fundi_Dizeli: Na nta hiyo inaziba nini kwanza? Filta.

Karani_wa_Pointi: Chora chaja tatu za volti 208 au 240 kwenye ramani, kila nafasi na kibao chake, ziwe nyongeza juu ya zile 6. Tenki usilitaje kabisa.

Mpangaji_Baridi: Na bosi nimwambieje?