Zulia la manyoya limemwagikiwa mchuzi: nalisafishaje lisisinyae?

Mama Tabata
Wadau, salaam. Nina zulia la manyoya la sebuleni, mita 2 kwa 3. Lebo yake inasema polipropilini asilimia 100. Mchuzi wa samaki wa nazi umemwagika katikati, nimeufuta lakini mafuta yamebaki na harufu imeanza. Naogopa kulifua. Jirani yangu alipeleka la kwake kwa waosha magari, likaletwa limepungua upande mmoja, pembe zimejikunja kama sahani, halilali tena sakafuni. Na muuzaji alimhakikishia kwamba zulia la plastiki halisinyai! Nifanyeje, na masika ndiyo haya?

Fundi_Mazulia
Dada, muuzaji alisema kweli nusu. Nyuzi za polipropilini hazinywi maji, kwa hiyo zenyewe hazirudi. Kinachorudi ni mgongo wa zulia. Geuza pembe uangalie chini. Ukiona kitambaa kigumu cha kahawia chenye harufu ya gunia, hiyo ni juti, ile ile inayofumiwa magunia. Juti ikilowa uzi wake unavimba, na uzi uliosokotwa ukinenepa lazima ufupike. Mgongo unavuta, manyoya yanabaki na nafasi yake ya zamani, pembe zinainuka. Mgongo wa pamba nao ni hivyo hivyo.

Kama mgongo ni wa plastiki, cha kuogopa zaidi ni joto. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na hulegea kabla ya kufika hapo. Pasi, mashine ya mvuke, maji ya moto, weka mbali vyote. Maji ya bomba yanatosha.

Kijana_wa_Kino
Mnamtisha bure. La kwangu napeleka kwa waosha magari kila mwaka, wanapiga pampu, linatoka kama jipya.

Fundi_Mazulia
Kaka, huenda la kwako lina mgongo wa plastiki. Lakini hata hilo lihurumie. Manyoya yameshikiliwa na gundi ya mpira, na mazulia mengi yana kitambaa cha pili kilichobandikwa chini. Pampu ikipigwa karibu gundi inachoka, vitambaa vinaachana, unaanza kuokota manyoya kila ukifagia. Halafu wanalitundika ukutani likiwa limejaa maji, na uzito ule unalivuta upande.

Mama Tabata
Nimegeuza. Kahawia, gunia kabisa. Kwa hiyo silifui?

Bi Mwanaidi
Mwanangu, usilifue zima. Safisha manyoya, mgongo ubaki mkavu. Kwanza toa vumbi: lipige upande wa nyuma, ukilowesha vumbi utakuwa unasambaza matope. Kisha chukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita 1 ya maji. Polipropilini inakataa maji lakini mafuta inayapenda mno, ndiyo maana maji matupu hayakusaidii. Koroga hadi povu lijae, na utumie povu tu. Chota kwa sponji, anzia ukingoni mwa doa uje katikati, gandamiza, usisugue, manyoya yatasokotana.

Sabuni ya unga iache. Inabaki ndani, na sabuni iliyobaki inanasa uchafu, mwezi haupiti doa limerudi. Pitisha kitambaa chenye unyevu mara kadhaa hadi utelezi wa sabuni uishe, kisha gandamiza kwa taulo kavu jeupe. Harufu ya samaki ipe siki nyeupe, sehemu moja kwa nne za maji, kidogo tu.

Jik usiguse. Manyoya yanaweza kuivumilia, juti haiwezi.

Zai_Mbagala
Naomba kuuliza hapo hapo. La kwangu linang'aa kama hariri, halina lebo. Nitajuaje ni la nini?

Fundi_Mazulia
Kata uzi mmoja pembeni, ushike kwa kibanio, uwashe juu ya sahani ya bati. Ukiyeyuka ukaacha tone gumu, ni plastiki; harufu ya mshumaa inaelekea kwenye polipropilini. Ukiwaka kama karatasi na kuacha majivu laini, huenda ni viskosi, ile hariri bandia inayotengenezwa kwa miti. Hilo usililoweshe kabisa, viskosi ikilowa nguvu inapungua sana na manyoya hayasimami tena. Mpe fundi anayeijua.

Mama Tabata
Asanteni sana. Naona nisubiri Jumamosi, labda kutakuwa na jua.

Bi Mwanaidi
Usisubiri, mafuta yakikaa yanazidi kung'ang'ania. Fanya leo jioni ndani. Likishasafika liinue juu ya stuli nne au mabenchi, lilale limenyooka, feni ipulize kwa chini. Ukilianika kwenye kamba utaliharibu umbo. Na usilirudishe sakafuni mpaka uweke kiganja mgongoni pake uone ni pakavu, kwa sababu juti ikikawia kukauka hutoa rangi ya kahawia inayopanda hadi kwenye ncha za manyoya, na hiyo kuitoa ni kazi kuliko mchuzi.

Mama Tabata
Nimekuelewa, bibi. Feni ninayo, naanza baada ya magharibi.