Triathloni yangu ya kwanza ng'ambo ni Hamburg, naombeni ushauri wadau

MwanaNyali
Wadau habari zenu. Mimi kijana wa miaka 19 niko Mombasa, nilianza kama muogeleaji wa klabu halafu kocha akanitia kwenye triathloni, mpaka sasa nimeshindana za hapa pwani tu. Sasa mjomba wangu anaishi Ujerumani amenilipia kiingilio cha Hamburg mwezi wa saba, sprint, ile fupi ambayo kwa kawaida ni mita 750 majini, kilomita 20 baiskeli na kilomita 5 kukimbia. Si mambo ya mapro, ni age group kawaida (watu wa kawaida tunapangwa kwa umri), lakini usingizi umeshaanza kunipaa. Maswali yangu: baiskeli nibebe yangu ama nikodi kulekule? Na maji yale baridi mtu unafanyaje, mimi nimezoea bahari ya hapa ambayo hata saa kumi na mbili asubuhi iko vuguvugu, wetisuti (ile suti ya mpira ya kuogelea inayokinga baridi) sijawahi kuvaa maishani. Na viza nianze lini. Mbio za miguu siogopi kabisa, hayo mengine ndo yananitia tumbo joto.

KakaWaAlster
Karibu sana mdogo wangu, mimi naishi hapahapa Hamburg na hiyo mbio nimeifanya. Nianze na maji maana huko ndo wageni wanapata shida. Mnaogelea Binnenalster, katikati ya mji kabisa, maji ya ziwa sio ya chumvi. Wewe umekulia kwenye chumvi, bahari inakubeba bila kujua, huku utahisi miguu inazama na mwili mzito utadhani umeongezeka kilo wiki moja. Rangi yake ni kijani kahawia, mkono wako mwenyewe huuoni ukiunyoosha mbele, kwa hiyo zoea kuinua macho kutafuta boya kila baada ya mapigo machache, usitegemee kuona chini kama Nyali.

Baridi sasa. Mwezi wa saba maji yanaweza kuwa digrii 19, yanaweza kuwa 22, inategemea wiki hiyo imekuwaje. Kanuni za World Triathlon (shirikisho la dunia la mchezo huu) kwa age group kwenye mbio ambazo kuogelea ni mpaka mita 1500, maji yakizidi 22 wetisuti marufuku (mapro wao mwisho wao ni chini ya 20), kwa hiyo jiandae kwa yote mawili maana utaambiwa asubuhi ya mbio yenyewe. Ukiingia tu kifua kitabana na pumzi itakuja fupi fupi, hapo ndo watu wanadhani wanakufa, hufi, ni mwili umeshtuka tu na inaisha baada ya dakika moja mbili. Kabla hujaanza jimwagie maji usoni na shingoni, vuta ile kola ya wetisuti uingize maji kidogo ndani, kisha ukishaanza toa pumzi NDANI ya maji polepole, usikimbizane na mtu yeyote mpaka pumzi itulie.

Na wetisuti kodi au azima mapema ufanyie mazoezi, hata kama ni kwenye bwawa la hoteli utatoka jasho na watu watakucheka, waache wacheke. Kuivua ukiwa unakimbia na vidole vimekufa ganzi ni kazi nyingine. Mimi kilichonishinda hata sio wetisuti, ni ile klipu ya mkanda wa helmeti, vidole havisikii amri, nabonyeza nabonyeza haifungi, na baiskeli huruhusiwi hata kuigusa kuitoa kwenye reki kabla helmeti haijafungwa, refa amesimama hapo anakuangalia.

Mama_Mkimbiaji_Dar
Hongera sana mwanangu. Mimi binti yangu alienda kushindana Ulaya nikamsindikiza kwa hiyo la viza nalijua. Fomu ya viza ya Schengen (ile ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo) unaweza kupeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, ila wewe usisubiri huko mwisho, nafasi za miadi zinajaa hasa kuelekea kiangazi chao. Ada kwa mtu mzima euro 90, wakikunyima hairudi. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Mjomba aandike barua rasmi ya mwaliko, ambatanisha na uthibitisho wa kiingilio cha mbio na barua ya chuo au kazi kuonyesha una sababu ya kurudi. Hiyo barua ya kurudi ndo wanaitazama sana kwa vijana wa umri wako, usiidharau. Na baba, chakula usijaribu vitu vipya usiku wa kuamkia mbio, wali upo kila mahali duniani.

jamaa_wa_kijiwe
Yaani kusafiri mpaka Ulaya kukimbia kilomita 5? Si ungekimbia hapo ufukweni Mama Ngina bure 😂

Fundi_Spoku
@jamaa_wa_kijiwe ukiweza kufika hizo 5 baada ya hizo 20 za baiskeli rudi tuongee.

Dogo mimi ni fundi baiskeli Nairobi, beba YAKO. Sababu kubwa ni breki. Baiskeli zetu nyingi huku breki ya mbele iko mkono wa kulia, za Ujerumani mara nyingi breki ya mbele iko kushoto. Ukikodi ukaikamata kwa nguvu kwenye kona ukidhani ni ya nyuma, utapaa juu ya usukani na mbio yako itaishia hospitali. Kama lazima ukodi waambie wakubadilishie nyaya, au angalau siku mbili kabla uzungushe mtaani mpaka mkono uzoee. Kwenye boksi toa pedali, legeza usukani, ile mashine ya gia ya nyuma ifungue kabisa uifunge kwa kitambaa ndani ya fremu maana ndo hupindwa na mizigo. Zile chupa ndogo za gesi ya kujazia tairi usiweke kwenye begi bila kuuliza shirika la ndege, nenda na pampu ya mkono.

KakaWaAlster
Fundi umenikumbusha kubwa kuliko zote. Huku magari yanapita KULIA. Kwenye mbio unakaa kulia na unampita mtu kwa kushoto, kinyume na nyumbani. Ukisahau ukakaa kushoto unawazibia wanaokuja kasi nyuma na refa anaweza kukupa adhabu, achilia mbali matusi ya Kijerumani. Uchovu ukishaingia kichwa kinarudi kwenye mazoea ya Mombasa chenyewe, kwa hiyo bandika kiteipu kwenye usukani kiandike KULIA. Halafu age group kwa kawaida kudraft (kujificha upepo nyuma ya baiskeli ya mwenzako) hairuhusiwi, unaacha kama mita 10 na mwenzako isipokuwa unampita, soma muongozo wa mbio wenyewe usinisikilize mimi tu. Pia kama huna leseni ya chama cha kwao utalipia leseni ya siku moja, waulize mapema.

La kutoka nyuma majini lisikuogopeshe. Olimpiki ya Paris 2024 Alex Yee wa Uingereza alikuwa ameachwa na Hayden Wilde wa New Zealand kwenye mbio za miguu, watu tumeshamkatia tamaa, akamkamata mita mia chache za mwisho akachukua dhahabu. Wewe umesema miguu unayo.

Mama_Mkimbiaji_Dar
Na tofauti ya saa isikutishe, kiangazi wao wako nyuma yetu saa moja tu. Kinachosumbua ni jua, saa nne usiku bado kuna mwanga nje, mtoto wangu alikesha. Beba kitambaa cha kufunika macho.

MwanaNyali
Aisee asanteni sana, sijui niseme nini. Nimeamua nabeba baiskeli yangu, na mjomba amesema kuna duka karibu na kwake linakodisha wetisuti kwa hiyo nitafika wiki moja kabla niijaribu majini hukohuko. Barua ya chuo naifuata kesho. Swali la mwisho kwa Fundi, jana nimejaribu kutoa pedali nikajifunze, ya kulia imetoka vizuri ya kushoto nimesimama juu ya spana kabisa na haisogei.

Fundi_Spoku
Acha kuikaza! Ya kushoto nyuzi zake ziko kinyume, kufungua unazungusha kama unafunga, upande wa mshale wa saa. Weka mafuta kidogo, iache usiku kucha, kesho itatoka. Na ukirudishia paka grisi, la sivyo huko Hamburg utasumbuka tena.

jamaa_wa_kijiwe
Haya basi tuletee picha. Na medali kama wanatoa bure kwa kila mtu.