Naomba ushauri: hedifoni zenye maikrofoni, au maikrofoni ya mezani?

Ndugu wanachama, naomba mnisaidie mawazo. Wenzangu ninaocheza nao gemu kwenye kompyuta hulalamika kwamba sauti yangu humezwa na kelele za kibodi. Nilianza na hedifoni za Bluetooth, lakini kila maikrofoni ilipowashwa, sauti niliyoisikia ilififia ikawa kama ya simu, hata nisijue nyayo za adui zinatoka upande gani. Sasa natumia za waya, zenye pini moja ya milimita 3.5, ambazo nimeziunganisha kwa kigawanyio kwa kuwa kompyuta ina matundu mawili, la kusikilizia na la maikrofoni, na bado sauti yangu ina mvumo.

Je, ninunue hedifoni za USB zenye maikrofoni yake, au niongeze maikrofoni ya mezani? Na kwa kibodi yenye kelele, maikrofoni ya dainamiki (isiyonasa sana sauti za mbali) ingefaa kuliko ya kondensa (inayonasa hata sauti ndogo)?