Tupeane uzoefu: mimba, unga, pombe, na tulivyopokelewa kliniki

Wadau, naomba hapa tusitupiane mawe. Mimi ni mkunga, naona wamama wanaotumia unga (heroini) au pombe wanaiogopa kliniki kuliko arosto yenyewe, yale mateso ya mwili ukikosa kilevi, wanakuja uchungu ukishaanza. Kama umepitia wewe au ndugu yako, nini kilisaidia na nini kiliumiza?

mama_k: Nilikuwa kwenye unga, mimba ya miezi mitano. Watu wakaniambia acha tu, nikajifungia ndani, arosto ikanishika tumbo likawa linakaza nikajua mtoto anatoka. Nesi aliyenipokea aliniuliza kwanza kama nimekula. Ndo akanielewesha kwamba kukata ghafla ni hatari na wengi hurudia, bora methadoni, dawa unayopewa kliniki badala ya unga ili arosto isikushike, hata Shirika la Afya Duniani liliandika hivyo kwenye mwongozo wake wa 2014. Mimba ilivyokuwa kubwa dozi ikawa haifiki kesho yake, nikaona aibu kusema, kumbe ni kawaida, mwili wa mjamzito unaimaliza dawa haraka. Wakaniongezea bila maneno.

tulia_tu: Mtoto wangu alizaliwa akapata arosto, analia ile sauti kali, anatetemeka, kunyonya shida. Zamu ya kwanza walimtoa kwangu wakaniambia "umeona ulichofanya". Sitasahau. Zamu ya usiku nesi mwingine akamrudisha kifuani, ngozi kwa ngozi, akapunguza taa, akasema nyonyesha maana upo kwenye methadoni na hutumii kingine, inayopita kwenye maziwa ni kidogo. Walikuwa wanaangalia ananyonya, analala, anabembelezeka? Wangu alitulia hivyohivyo, wa kitanda cha jirani alihitaji dawa na mama yake alikuwa amefanya kila kitu sawa, so msijilaumu.

Mdau72: Kwa wa pombe kama mke wangu, kama anakunywa sana kila siku asiache mwenyewe nyumbani, degedege ipo. Aende hospitali apunguziwe huko.

dada_mkubwa: Mimi naongelea baada ya kujifungua maana hapo ndo tunapowaacha. Mdogo wangu mimba nzima alikuwa safi, kila mtu anampongeza. Mtoto kazaliwa, kliniki ikawa ya mtoto tu, uzito, chanjo, kwaheri. Halali, analia peke yake, methadoni akaanza kuruka siku mpaka akaacha, hakuna aliyeuliza. Mtoto anakaribia mwaka akarudi kwenye unga, kipimo kilekile cha zamani, mwili ulishasahau, akazima. Aliponea naloksoni, ile dawa ya kumzindua aliyezidisha unga. Kama una mtu wa hivi muulizeni yeye, na hiyo naloksoni ikae ndani.

Mwanzisha mada: Dada pole sana, nimesoma mara mbili. Kuanzia sasa mama akija na mtoto nitamuuliza yeye analala vipi na dawa anapata wapi, ndo nishike mzani. Wenye wake au wakwe waliopitia hili, mlisaidiaje asiache dawa?