Mrejesho: Jinsi na wingi wa nomino katika lugha yangu ya kubuni

Niliuliza kama lugha ninayoibuni kutokana na Kilatini iunde wingi kwa -s, kama Kihispania, au kwa kubadili irabu ya mwisho, kama Kiitalia, na jinsi ya kati ya Kilatini, yaani kundi la nomino zisizo za kiume wala za kike, niipeleke wapi. Wingi haukunisumbua tena: nimechagua -s.

Jinsi ya kati ndiyo iliyonipa kazi. Nilikusudia kuiunganisha yote na jinsi ya kiume, lakini mmoja wenu alinikumbusha kwamba wingi wake wenye kiishio -a ulifanana mno na umoja wa kike, hata folia, yaani majani, likazaa feuille la Kifaransa na hoja la Kihispania (lisichanganywe na hoja yetu), yote mawili ya kike na ya umoja. Kiitalia, kwa upande wake, kimehifadhi uovo, yai, ambalo ni la kiume, na uova, mayai, ambayo ni ya kike. Na Kiromania kimeigeuza hali hiyo kuwa kanuni pana.

Nimefuata njia hiyo kwa viungo vya mwili na matunda pekee: labro, mdomo, ni la kiume, na wingi wake labra ni wa kike. Aliyezoea kusema jicho hili na macho haya hatashangaa. Kwa kuwa labra husomeka kama umoja, kibainishi las, neno dogo linalotangulia nomino, ndicho kinachoonyesha wingi.

Mano, mkono, nimeliacha la kike licha ya -o yake, kama lilivyokuwa manus; sikuona sababu ya kulisahihisha.