Mwanangu hatoki kwenye vitabu hivi vya sayari. Anaona raha gani humo?

Ummu Wete anauliza:

Assalaam alaykum, jamani. Niko Wete, Pemba. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, maana jambo hili limenikaa moyoni.

Kaka yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Alipoacha kazi alirudi na sanduku la vitabu vya mitumba alivyokuwa akinunua bandarini Uingereza. Msimu huu wa karafuu nilimweka mwanangu wa miaka 12 uani alinde majamvi: afukuze mbuzi, na wingu likitanda aite watu tuzianue. Akachukua kitabu kimoja sandukuni asije akasinzia. Wingu likatanda, mvua ikaanguka, na aliyetoka mbio ni mimi kutoka jikoni. Yeye kajikunyata ukumbini, macho kitabuni, hana habari kama uani kumerowa.

Nilimgombeza, kisha nikakitazama kitabu chenyewe. Ni mfululizo wa hadithi za kubuni za Lucky Starr wa Isaac Asimov, ambaye aliuandika kwa jina la Paul French kati ya 1952 na 1958. Viko sita, na vyote sita vimo sandukuni. Kila kimoja kinampeleka Lucky, kijana wa Baraza la Sayansi, pahala papya: Mirihi, kwa maharamia wa asteroidi, Zuhura, Utaridi, miezi ya Mshtarii, pete za Zohali. Anafuatana na rafiki yake Bigman, mtu mfupi aliyekulia kwenye mashamba ya Mirihi, mwepesi wa hasira, na ukimwambia ni mfupi umejitafutia ugomvi.

Kiingereza cha mwanangu ni cha skuli tu. Anasoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja unamla robo saa, na haachi. Umeme ukikatika usiku anawasimulia wadogo zake kwa Kiswahili, na mimi nikiwa jikoni hupunguza kelele za sufuria nisikie.

Baba yake hajaridhika. Anasema Zuhura haina bahari, vitabu vya skuli vimeshasema hivyo, sasa kwa nini mtoto ajaze kichwa mambo yasiyokuwepo? Naye anayo haki. Kitabu cha tatu kizima kimo ndani ya bahari ya Zuhura: mji umejengwa chini ya maji ukafunikwa kuba, na kuna vyura wanaoingia akilini mwa watu na wanaopenda grisi kuliko chakula chochote. Mimi sina jawabu la kumpa mume wangu. Najua tu kwamba sijapata kumuona mtoto huyu akishikwa na kitu namna hii. Nisaidieni: kinachomshika ni nini? Nimwache?

Na jingine dogo. Kitabu cha tano mchwa wamekula kurasa za mwisho. Kuna roboti wa kijasusi kajificha miongoni mwa watu huko kwenye mwezi wa Mshtarii, na mwanangu hajui ni nani. Siku ya tatu leo hali vizuri.

Mwalimu wa Fizikia, Chake:

Wa alaykum salaam, Bi Ummu. Kwanza mwambie kijana ale, kitabu cha tano ninacho. Jina la huyo roboti sitaliandika hapa, nitakuwa nimemdhulumu. Nitatoa nakala ya kurasa zilizoliwa nizitie kwenye bahasha, nimpe dereva wa gari ya Wete.

Sasa hoja ya mumeo. Atazame mwanzoni mwa vile vitabu. Kama ni chapa za miaka ya 1970 atakuta dibaji ya Asimov mwenyewe, kwa jina lake la kweli, akiwaambia wasomaji wapi elimu ilimpita. Alipoandika ile ya Zuhura, wataalamu wa nyota waliona mawingu mazito tu, na kudhani kuna maji chini yake ilikuwa dhana ya watu wenye elimu zao. Disemba 1962 chombo cha Mariner 2 kikapita karibu na sayari ile, na vipimo vyake vikaonyesha joto kali mno. Leo tunajua ni nyuzi 460 hivi, madini ya risasi yanayeyuka, na hewa inakandamiza mara 90 hivi kuliko ya hapa kwetu. Utaridi vivyo hivyo: kitabu kinasema upande mmoja unatazama jua daima na wa pili ni giza la milele. Mwaka 1965 wakapima kwa rada wakaona inajizungusha kwa siku 59, kwa hiyo kila upande unapata zamu yake ya jua.

Mtu aliyeandika kilichojulikana siku zake, kisha akarudi akasema hapa nilikosea, mimi simuiti muongo. Ningependa wanafunzi wangu wawe hivyo.

Kuhusu kinachomshika, nitakwambia kilichonishika mimi. Sikujali bastola wala maharamia. Kilichonikamata ni kwamba kila sayari ina sheria zake na Lucky hawezi kuzikiuka. Akiwa Mirihi mvutano ni mdogo, mtu aliyekulia Dunia anaruka akapitiliza. Akiwa Utaridi lazima ajihadhari na joto la jua. Kabla hajafanya lolote inabidi afahamu pahala alipo. Kisha mara nyingi anashinda kwa jambo ambalo msomaji naye alikuwa nalo mbele ya macho tangu kurasa 50 nyuma. Ukifika hapo unarudi nyuma kulitafuta, unalikuta, na unakiona kitabu kizima upya. Mtoto wa miaka 12 anayepewa heshima hiyo na mwandishi haachi kusoma.

Babu wa Tunguu:

Mwanangu Ummu, mimi ni mtu mzima, naandikiwa na mjukuu. Neno moja tu nataka kusema, kwamba mambo haya ya anga si ya wageni peke yao. Wamarekani walijenga kituo hapa Tunguu cha kufuatilia vyombo vyao vya Mercury, mpango wao wa kurusha watu angani. Kulikuwa na watu wengi wasiokitaka, wakaandamana, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikaondoshwa. Siasa yake ni ndefu na leo siko huko.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alirushwa kwenda kuizunguka Dunia. Ilikuwa Ramadhani. Aliruka kwao asubuhi, na haikutimia saa nzima alikuwa anapita upande wetu huu na kuzungumza na wale waliokaa kituoni. Kwetu ilikuwa jioni, jua linataka kuchwa. Mimi mtoto wa chuoni, nimetumwa tende dukani kwa ajili ya futari. Watu wazima barazani wakasema yule mtu anapita sasa hivi. Nikasimama njiani na tende zangu, nikatazama juu mpaka shingo ikauma. Sikuona kitu. Lakini nilijua yupo. Nilichelewa nyumbani nikagombezwa, kama ulivyomgombeza wako, na sikusikia hata neno moja la yale magombezo.

Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Zuhura, Mirihi, Mshtarii, haya yalikuwa majina ya nyumbani, na Kilimia, lile kundi la nyota, ndicho kilichokuwa kikituambia habari za mvua. Kwa hiyo mtoto wa Pemba akisoma juu ya mtu anayeondoka kisiwa kimoja kwenda kingine, katikati hakuna kitu cha kushika, amebeba maji yake na hewa yake na rafiki mmoja anayemuamini, huyo anasoma habari ya watu wake. Mwache asome.

Mama wa Mkunazini:

Babu, umenitoa machozi na zile tende.

Dada Ummu, mimi naongeza upande mwingine. Binti yangu ana miaka 10, nilimsomea viwili katika hivyo. Alipenda, lakini katikati ya cha pili akaniuliza: "Mama, wanawake wa huku wako wapi?" Nikatafuta na mimi. Hawapo, au wapo wa kupita tu. Hilo limenikera na bado linanikera, maana aliyeweza kuwaza mji chini ya bahari ya Zuhura alishindwa nini kuweka msichana mmoja ndani ya chombo?

Nilimhadithia habari za Valentina Tereshkova, mwanamke aliyekwenda angani Juni 1963 peke yake na kuizunguka Dunia mara 48 kwa siku karibu tatu. Miaka mitano tu baada ya kitabu cha sita. Binti akanyamaza, kisha siku ya pili nikamsikia anamsimulia mwenzake, na Bigman amegeuka msichana wa Mirihi, mfupi, mkali, hakubali kuonewa. Hadithi haikupungua kitu. Naona hii nayo ni sehemu ya utamu wa vitabu vya mfululizo: watu wale wale wanarudi kila mara, mtoto anawazoea mpaka wanakuwa wake, anawafanya anavyotaka.

Ummu Wete:

Nimewasomea wote nyumbani. Babu, mwanangu ameuliza hicho kituo kilikuwa upande gani wa barabara, na kama pamebaki kitu.

Dibaji tumeikuta! Ndani ya kitabu cha Zuhura, ukurasa ambao sote tuliuruka. Mwanangu amemsomea baba yake mara mbili, neno kwa neno, akitafsiri. Baba yake amesikiliza, hakusema kitu, akaomba kitabu akakitazama jalada mbele na nyuma.

Lakini kuna jambo limetokea jana. Mama mkwe wangu alikuwa amelala hapa. Yeye maisha yake yote anakwenda pwani maji yakipwa, kuchokoa pweza na kuokota chaza. Kijana anasimulia pale Lucky na Bigman wamenaswa chini ya bahari ya Zuhura na lile dudu kubwa juu yao, ndugu zake wamebana pumzi. Bibi akamkata: "Ngoja kwanza. Hayo maji yalikuwa yanajaa au yanapwa?"

Kijana akakwama. Akapekua kitabu. Hakuna. Usiku mzima anajigeuza kitandani. Mwalimu, mwezi wa Zuhura ukoje? Bahari ya huko ingekuwa na bamvua?

Mwalimu wa Fizikia, Chake:

Bi Ummu, nifikishie salamu kwa bibi na umwambie katika miaka yangu ya kufundisha sijaulizwa swali zuri kama hili.

Zuhura haina mwezi. Lakini jua nalo linavuta maji. Hapa kwetu nguvu ya jua katika kujaza na kupwesha ni kama nusu ya ile ya mwezi, haifiki hasa. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta pamoja, ndiyo bamvua, na hapa Zanzibar maji yanapanda na kushuka kiasi cha mita 4. Katikati vinavuta kombo, ndiyo maji mafu. Zuhura iko karibu zaidi na jua, kwa hiyo kama ingekuwa na bahari, jua peke yake lingetosha kuitikisa.

Ila kuna jambo la ajabu. Zuhura inajizungusha polepole mno na kinyume na sisi. Kutoka adhuhuri moja hadi adhuhuri nyingine ni siku zetu 117 hivi. Maji yangejaa mara mbili katika muda huo, kwa hiyo kutoka kujaa hadi kupwa ni siku kama 29. Asimov asingeweza kuliandika hili, mwendo huo haukuwa umepimwa mpaka miaka ya 1960. Mwanao afanye hesabu mwenyewe: 117 gawa kwa 4. Nimetia bahasha kwenye gari leo, dereva ana shati la buluu.

Ummu Wete:

Amefanya hesabu, amepata 29 na robo. Akamwendea bibi yake mbio, akamwambia huko maji yangekuwa yanapwa mwezi mzima mfululizo kabla hayajageuka. Bibi akatafakari, akasema: "Mwezi mzima! Basi pweza wa huko wangekwisha wote." Sasa wanabishana kama pweza angehamia maji ya kina, na kijana ameanzisha daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika "Bahari ya Zuhura, kama ingekuwepo", amechora pwani, na mstari wa maji kwa kila siku mpaka siku ya 29.

Bahasha imefika baada ya alasiri. Baba yake ndiye aliyekwenda kuichukua stendi. Kijana amezisoma kurasa zile amesimama mlangoni, kamusi hakuigusa. Akamaliza, akakaa chini, akarudi mwanzo wa kitabu, akawa anapekua na kupiga paja kila anapokuta alama aliyoipita.

Baba yake alikuwa anashona wavu. Akainua kichwa akauliza: "Ehe, roboti ni nani?"

"Siwezi kukwambia, baba. Bashiri kwanza."

Anabashiri mpaka sasa. Ameshataja watu wanne.