Chanel No. 5 na ukavu wa Dodoma

MamaKisasa: Wapendwa, nimeletewa pafyumu ya Chanel No. 5. Ikigusa tu ngozi inanukia kama sabuni mpya ya kipande, kali puani. Nikishatulia kazini ndipo waridi na asmini vinatoka taratibu, na anayevisikia ni yule aliyenisogelea. Hapo naipenda mno! Shida ni huu upepo wa Julai. Mchana siisikii tena. Mnafanyaje?

Dulla_Majengo: Dada, ule ukali ni aldehaidi, yaani kemikali za kunukia, ndizo zilizoitofautisha tangu 1921. Zinaruka mapema pamoja na spiriti. Ngozi kavu haishiki manukato. Paka kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kwenye kiwiko kwa ndani na nyuma ya masikio, kisha pulizia. Usisugue.

BibiWaPwani: Humo mna mlangilangi pia mwanangu, ua linalolimwa sana Komoro. Pulizia na mtandio, kitambaa hutunza. Ila hakitakupa yale mageuzi ya ngozini, joto la mwili ndilo linaloyatoa.

MamaKisasa: Shikamoo bibi, asante. Mafuta naanza nayo kesho. Mtandio wangu ni mweupe, naogopa madoa.

BibiWaPwani: Marahaba. Basi pulizia upindo wa ndani.